Joto ndani, moto nje: kupasha chumba cha kulala bila kuingiza mbabula

Somo la leo linaanza saa kumi za usiku, katika nyumba ya mbao upande wa Kibumba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni. Mama wa nyumba alipika maharagi, na chakula kilipoiva makala yalikuwa bado mekundu. Aliona ni hasara kuyazima. Akaingiza mbabula katika chumba cha mita 3 kwa 3, akafunga mlango na dirisha, akalala na watoto wake watano. Saa kumi mtoto wa pili akaamka akitapika. “Mama, kichwa inaniuma, na miguu haina nguvu.” Mama akafikiri ni malaria. Aliposimama kutafuta dawa, naye akaanguka na kugonga sufuria. Kelele ile ndiyo iliyowaokoa, kwa sababu jirani mmoja alikuwa macho akihangaika na paa lake linalovuja. Alikuja, akasukuma mlango, akaita wengine: “Mutoe watoto inje! Wote, mbio!”

Wote sita walipona. Mama mwenyewe alitusimulia habari hii katika mkutano wa koperative, akakubali tuiandike bila kutaja jina lake. Neno lake moja limebaki kwangu: “Miye nilizoea kuogopa mazuku ya inje. Sikujua kama naweka mazuku yangu pembeni ya kitanda.”

Kwa hiyo hatutaanza na njia za kupasha joto. Tutaanza na hayo mazuku mawili, juu ukiyaelewa, njia nyingine zote zitakuwa rahisi.

Mazuku ya nje siye wote tunayajua. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, katika nyufa za mawe ya volkano, hasa kati ya Goma na Sake, kando ya ziwa, Bulengo na karibu na Lac Vert. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Inalala chini, mashimoni na mabondeni, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Ndiyo maana mbuzi anakufa pale ambapo mwenye mbuzi, akiwa amesimama, hajisikii kitu.

Gesi ya mbabula ni nyingine. Inaitwa kaboni monoksidi. Hiyo hailali chini. Inajichanganya na hewa ya chumba kizima, juu na chini, kwa hiyo kulala juu ya kitanda kirefu hakukusaidii. Haina rangi, haina harufu. Na hapa ndipo makala yanapotudanganya: kuni zenye unyevu zinatoa moshi, macho yanawasha, unakohoa, unatoka. Makala mekundu hayana moshi, chumba kinanukia vizuri, unasinzia. Lakini makala yanayowaka polepole bila hewa ya kutosha ndiyo yanayotoa gesi hiyo kwa wingi. Ikiingia katika mapafu inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi tunayoihitaji. Damu inazunguka, lakini haina inachobeba.

Nimesikia dawa nyingi za kienyeji za kuzuia hiyo sumu. Wengine wanaweka beseni la maji karibu na mbabula. Maji hayaivuti gesi hiyo. Wengine wanafunika makala kwa majivu: joto linapungua, gesi inaendelea kutoka. Wengine wanasema, “Miye nafanya hivi miaka yote na sijakufa.” Ni kweli, nyumba yako ya mbao ilikuwa na nafasi kati ya mbao, na upepo ulikuwa unakulinda bila wewe kujua. Siku utakapoziba nafasi hizo kwa bashi ili baridi isiingie, mbabula ileile iliyokuacha salama jana inaweza kukuua leo. Nyumba zilizozibwa vizuri ndizo hatari zaidi.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi mzito. Zinafanana na malaria, lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, mwili hauna homa. Pili, watu wa nyumba nzima wanaumwa saa moja, na wakitoka nje wanaanza kupata nafuu. Malaria haiwapigi watu sita usiku mmoja kwa dakika ileile. Ukiona hivyo, fungua mlango, toa watu wote nje kabla ya kutafuta sababu, kisha nendeni kituo cha afya. Mwambieni muganga wazi kwamba mbabula ilikuwa ndani, maana asipoambiwa atapima malaria. Mama mwenye mimba aende hata kama anajisikia mzima: mtoto tumboni anaumia zaidi yake, na gesi inakawia kutoka katika damu ya mtoto.

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 100, hewa inapoa kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Mwenzetu anayelima viazi katika milima ya Masisi, juu ya mita 2,000, analala katika baridi inayozidi ya mjini kwa digrii 3 hivi, na nguo zake mara nyingi zimelowa. Si baridi ya theluji, lakini kwa mtoto mchanga au mzee inatosha kumharibia usiku.

Kabla ya kuongeza joto, hesabuni lile ambalo tayari mnalo. Mtu mzima aliyelala anatoa joto la wati 70 hivi. Watu watano katika chumba kimoja ni kama jiko dogo ambalo halili makala. Shida ni kwamba joto hilo linakimbia. Linakimbilia wapi? Kwanza juu. Manjanja ni bati jembamba, na usiku wa kiangazi wenye nyota linapoa kuliko hewa yenyewe. Asubuhi unaona matone yanadondoka ndani kama mvua, kumbe ni pumzi zenu zilizogonga bati baridi. Pili, joto linatoka kati ya mbao. Tatu, linaingia ardhini kupitia godoro, na hiyo ndiyo njia tunayoisahau.

Juu ya kitanda, shoneni dari ndogo. Si lazima chumba kizima. Chukueni magunia matupu, yafungueni, yashoneni pamoja yawe kama shuka kubwa, myatundike kwa kamba kati ya kuta mbili, nafasi ya mkono mmoja chini ya manjanja. Hewa iliyosimama kati ya gunia na bati ndiyo inayozuia baridi. Gunia lenyewe si kitu. Mkipata mabaki ya vitambaa kwa mshonaji, shoneni mapazia mawili yanayoshuka pembeni ya kitanda, na familia italala ndani ya chumba kidogo kilicho ndani ya chumba. Onyo moja: chini ya dari ya magunia usiwashe buji wala taa ya utambi. Magunia ya plastiki yanashika moto haraka na yanadondosha matone yanayochoma.

Kuta za mbao zibeni kwa karatasi za mifuko ya simenti. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, upake, bandika karatasi tabaka mbili au tatu upande wa ndani. Inashika vizuri. Kasoro yake ni mende, ambao wanapenda uji ule kuliko siye tunavyopenda bugali, kwa hiyo msitegemee kazi hiyo itakaa miaka. Mwaka mmoja ni sawa. Acheni nafasi ya upana wa kiganja karibu na paa, upande usiopigwa na mvua, kwa ajili ya hewa ya kupumua na unyevu kutoka. Chumba kisicho na moto ndani hakihitaji tundu kubwa zaidi ya hapo.

Lakini wenzetu wa upande wa mazuku wasiige hivyo bila kufikiri. Kama parseli yako iko katika sehemu ambayo kuku au mbuzi wamewahi kufa bila sababu, au unaona mijusi na wadudu wamekufa katika shimo, usizibe matundu ya chini ya ukuta na usilale chini. Weka tundu chini upande wa mteremko, ili hewa nzito iweze kutiririka kutoka, na inua kitanda. Na hata hivyo, kama chumba kiko shimoni au sakafu ina ufa unaopumua, kitanda kirefu hakitoshi. Hamisha watoto, sehemu hiyo si ya kulala. Kuna wanaopima kwa moto: wanashusha buji chini, ukizimika wanajua ni mazuku. Msitegemee. Mwali unaendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inaweza kumdhuru mtu, na ukizimika ujue uko ndani ya hatari kubwa.

Chini ya mwili, jazeni gunia kwa maganda makavu ya mahindi au majani makavu ya ndizi, lilazwe chini ya godoro au mkeka. Unene uwe wa shibiri moja baada ya kulaliwa. Hiyo inashinda blanketi la pili, kwa sababu blanketi lililo juu haliwezi kuzuia baridi inayotoka chini. Anikeni gunia kila jua linapotoka. Likinuka ukungu, lipelekeni kwenye mboji, mjaze jingine. Mahindi hayakosi maganda.

Mkishafanya hayo matatu, joto kidogo tu linatosha. Na njia ya kulileta ndani bila moto ni maji.

Kilo moja ya maji inabeba joto mara 5 kuliko kilo moja ya jiwe, mkivipasha kwa kiwango kimoja. Bidoni ya lita 5 yenye maji ya digrii 80, hadi yapoe kufikia digrii 30, inatoa joto linalolingana na la mtu mmoja aliyelala saa 4. Ukiiweka chini ya blanketi, upande wa miguu, ni kama umeongeza mtu kitandani, tena mtu asiyekoroma.

Fanya hivi. Tafuta bidoni ya njano ya mafuta ya kupikia yenye mfuniko mzima. Chupa za maji zinazoona upande wa pili hazifai, zinajikunja kwa maji ya moto. Mimina kwanza lita 1 ya maji baridi, kisha lita 4 za maji yaliyochemka nje. Huku kwetu maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi kwa sababu ya urefu wa mlima, kwa hiyo mchanganyiko unakuja karibu na 80. Toa hewa iliyobaki kwa kuminya bidoni kidogo, funga, ipindue juu chini kwa dakika moja uone kama inavuja. Ivishe sweta kuukuu au ifunge kwa kikwembe kilichokunjwa mara nne. Iweke kitandani nusu saa kabla ya kulala. Kwa mtoto mchanga, pasha kitanda halafu uitoe kabla ya kumlaza, kwa sababu hawezi kujisogeza ikimchoma. Mtu mzima asiyesikia vizuri miguuni, kama mzee mwenye kisukari, naye apewe kwa umbali.

Mawe je? Tunayo mengi, Nyiragongo ilituletea bila kuombwa mwaka 1977, 2002 na 2021. Jiwe lina faida moja: unaweza kulipasha kupita digrii za maji. Faida hiyo ndiyo hatari yake. Chagueni jiwe zito lisilo na matundu. Yale mepesi yenye matundu kama mkate yananyonya maji, na maji yakigeuka mvuke ndani yake jiwe linapasuka na kurusha vipande. Msiokote kando ya ziwa. Liacheni juani siku kadhaa, lipasheni pembeni ya moto na si katikati ya makala, mlipanguse lisiwe na kaa lililoshikana, mlilete ndani katika sufuria kuukuu yenye majivu yaliyopoa kabisa. Sufuria ikae juu ya mawe mengine, mbali na shuka na gunia. Tone la maji likilia “tss” juu yake, bado ni moto mno kuingia. Kusema kweli, kama una bidoni, sioni sababu ya kuhangaika na mawe.

Wenye nyumba za udongo au matofali kule milimani wana bahati nyingine. Jiko la kupikia likijengwa kwenye ukuta unaotenganisha jikoni na chumba cha kulala, ukuta unakunywa joto jioni na kulitoa polepole usiku, moto ukiwa umeshazimwa. Ukuta upakwe udongo vizuri pande zote mbili bila ufa, na jikoni kuwe na tundu la moshi kwenye paa. Nyumba za mbao msijaribu. Kila mtu wa kartye zetu anajua nyumba moja ikishika, ngapi zinaondoka nayo.

Mtauliza: makala ya kuchemsha hayo maji yatatoka wapi, na bei inapanda kila barabara inapofungwa? Yatatoka kwenye maharagi. Lowesheni maharagi tangu usiku uliotangulia, mmwage maji hayo, muyachemshe kwa nguvu nusu saa katika maji mapya. Halafu ondoeni sufuria, mfuniko ukiwa juu, muiweke katika kikapu kikubwa kilichojazwa majani makavu ya ndizi, mfunike kwa blanketi kuukuu. Yaacheni saa 4 au 5 bila kufunua; kila unapochungulia unatoa joto. Yanaiva yenyewe. Kama ni magumu ya zamani yatahitaji kurudi motoni kidogo, na kabla ya kula yachemsheni tena kwa hali yoyote. Makala yaliyobaki baada ya hiyo nusu saa ndiyo yanayochemsha maji ya bidoni. Mama yule wa mwanzo sasa anafanya hivyo: mbabula inabaki chini ya kibanda nje, na hasara aliyoiogopa haipo, kwa sababu makala mekundu yanamaliza kazi yao palepale yalipo.

Na kwa wale wanaofuga, bidoni hiyohiyo inalea vifaranga. Katika wiki ya kwanza vinataka digrii 32 hadi 35, kisha mnapunguza digrii 3 hivi kila wiki. Mbabula katika banda lililofungwa inaviua kama inavyoua watu. Chukueni sanduku la mbao, mwageni maganda makavu chini, wekeni bidoni iliyofungwa kitambaa katikati, mfunike nusu ya sanduku kwa gunia ili vifaranga vichague vyenyewe pa kukaa. Hamna haja ya kipima joto. Vikirundikana juu ya bidoni vikilia, vina baridi. Vikikimbilia pembeni na kufungua midomo, vina joto kupita kiasi. Vikitawanyika vikila, ni sawa. Maji yabadilishwe kila saa 4 hivi, na hapo usiku mtu lazima aamke. Wagawaneni zamu, isiwe mama peke yake.

Kwa mkutano wenu ujao, fanyeni jaribio hili. Mwanachama mmoja alete bidoni ya lita 5 ya maji moto iliyovishwa sweta, mwingine jiwe la kilo 5 lililopashwa pembeni ya moto. Viwekeni katika masanduku mawili yanayofanana mwanzo wa mkutano. Kila baada ya nusu saa watu watano waweke mkono ndani na kusema kipi bado kina joto, katibu aandike. Baadaye kila mmoja aseme nyumba yake ni ya mbao au udongo, iko upande wa mazuku au hapana, na ni nafasi zipi ataziba na zipi ataziacha.

Kuhusu maji ya bidoni asubuhi, mtayakuta bado vuguvugu. Watoto wanawe uso nayo kabla ya kwenda shule.